Zuwena Wawili Kwenye Hati Moja

Mwanangu,

Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Leo pia nimechelewa, maana umetoka asubuhi kwenda Kiuyu kumuaga bibi yako, na mimi nimeshika kalamu tangu ulipofunga mlango, sasa laasiri imeshaadhiniwa na ndio kwanza naandika mstari huu. Lakini kuchelewa ninakokuombea msamaha ni kwa miaka. Barua hii ilikuwa uipate siku ulipojua kusoma. Nikajiambia, ngoja amalize skuli. Nikajiambia, ngoja apate diploma yake. Umeyamaliza yote, kesho unapanda boti Mkoani kwenda Dar es Salaam, na mimi bado sijasema. Juzi ulipokuwa unapiga pasi nilikuita kabisa, ukaja, ukasimama mbele yangu, nikakwambia chumvi imekwisha.

Utaona nimeandika Mwanangu tu, bila jina. Utajua kwa nini.

Mambo ya kula na kuvaa na kufunga mlango sitayaandika. Hayo umeyaona kwangu tangu hujajua kutembea, na mengine unayafanya vizuri kuliko mimi. Nataka kukuandikia kosa langu, kwa sababu umelibeba wewe bila kujua, na kesho unaondoka nalo ndani ya lile faili lako la plastiki.

Nianzie pale ofisini kwetu, kwenye yale mafunzo, maana hapo ndipo nilipoona siwezi tena kunyamaza.

Unajua mimi pale Chake ni mhudumu. Nafagia, napika chai, nabeba mafaili kutoka chumba hiki kwenda chumba kile. Alipokuja Bi Nasra kutoka Dar kuwafundisha nyinyi vijana wa kompyuta namna ya kuunganisha mifumo, ili taarifa itoke ofisi moja iende nyingine yenyewe bila mtu kubeba karatasi, mimi niliambiwa jambo moja tu: chai saa nne, chai saa kumi. Nilipoona jina lako kwenye orodha ya wanafunzi nikakwambia nyumbani, "Usiniite mama mle ndani." Nilikuonea haya. Ukauliza, "Nikuite nani basi?" Nikasema niite Bi Riziki kama wanavyoniita wote. Siku ya kwanza nikaingia na birika, ukasimama mbele ya wenzako wote ukasema, "Shikamoo, mama." Nilikununia mpaka jioni. Lakini ile shikamoo nimeiweka mahali pake.

Siku ya pili mlichora ubaoni njia ya ombi la mwananchi, visanduku na mishale, vimenyooka vizuri. Ombi linaingia dirisha la kwanza, linakwenda la pili, linakwenda kwa mkuu, linarudi na mhuri. Bi Nasra akatazama, akauliza, "Linakwenda kwa miguu ya nani?"

Khamis, yule mrefu asiyeishiwa maneno, akasema, "Mwalimu, litakwenda lenyewe. Si ndio maana tuko hapa?"

"Nimeuliza leo. Kabla hamjaandika hata mstari mmoja wa programu, leo hii, nani analibeba?"

Wewe ukasema, "Mama."

Nikaitwa kutoka jikoni, mikono ina majani ya chai. Bi Nasra akanipa kalamu ya ubao, nikaikataa, nikasema kwa mdomo. Nikawaambia hilo ombi likitoka dirisha la kwanza haliendi la pili. Linakwenda kwa Mzee Faki, kwa sababu mhuri uko mfukoni mwake, na Mzee Faki Alhamisi hayupo, yuko shamba. Kwa hiyo la Jumatano mchana linalala hapo mpaka atakaporudi. Mkacheka. Nikaendelea. Nikasema lile ambalo jina halisomeki, au majina mawili yamefanana, mimi silipeleki popote. Naliweka dirishani chini ya jiwe. Mwenyewe akija kuuliza, namuuliza mama yako nani, unatoka wapi, ndipo linakwenda.

"Nani alikwambia ufanye hivyo?" Bi Nasra akauliza.

"Hapana aliyeniambia. Zamani nilipeleka faili la Asha mmoja kwa Asha mwengine."

Khamis akasema, "Kumbe Bi Riziki ndiye seva yetu." Mlicheka mpaka watu wa chumba cha pili wakafungua mlango. Nikamwambia, "Mie seva siijui. Najua sahani, na yako ya maandazi leo haifiki." Bi Nasra yeye alikuwa ameshafuta ubao. Akaanza kuchora upya, na katikati ya visanduku akaandika neno jiwe. Nilirudi jikoni nikajiona mtu.

Siku ya nne ndiyo siku yangu mbaya.

Bi Nasra aliwapa orodha mbili za mazoezi, majina ya kubuni, moja ya waliozaliwa na moja ya waliofariki. Akasema daftari mbili zikianza kusomana lazima mfumo ujue nani ni nani, kila kundi liandike kanuni yake. Mimi nilikuwa namimina chai upande wa dirishani. Ukasimama wewe, umevaa ule ushungi wa buluu. Ukasema jina likilingana, la baba likilingana, la babu likilingana, na siku ya kuzaliwa ikilingana, basi huyo ni mtu mmoja. Akiwa ameandikwa kwamba amefariki, mfumo umfunge kila mahali, usimsubiri mtu.

"Bila mtu kukagua?" Bi Nasra akauliza.

"Bila mtu, mwalimu. Watu wawili hawawezi kuwa na jina moja, baba mmoja, babu mmoja na siku moja ya kuzaliwa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Wenzako wakakupigia makofi. Bi Nasra akasema hoja yako ina nguvu, ingawa yeye angeacha pawe na jicho la mtu. Na mimi nilikuwa nyuma yako na birika. Jibu nilikuwa nalo. Hao watu wawili nawajua, nimewazaa. Chai ikajaa kikombe ikafurika ikaingia kwenye karatasi za Khamis, nikaifuta kwa khanga yangu, nikatoka, nikanyamaza. Siku ya tano wakakuchagua uende Dar mwaka mzima, ujifunze kazi hii mpaka uweze kuwafundisha wengine, na mimi nikapiga vigelegele kule jikoni peke yangu.

Sasa nakwambia.

Unajua kwamba kabla yako nilizaa mtoto akafa. Hilo hatukukuficha. Kaburi lake liko Kiuyu nyuma ya nyumba ya bibi yako, na leo lazima umelipita. Tulilokuficha ni jina lake. Aliitwa Zuwena. Zuwena Hamad Kombo. Jina lako lote, mpaka la babu.

Nilikuwa sijatimiza miaka kumi na saba nilipomzaa. Baba yako alikwenda kumwandikisha, akarudi akasema hati itakuwa tayari baadaye, tutaifuata. Hatukuifuata. Mara nauli, mara mvua, mara msimu wa karafuu. Zuwena akafika mwaka na miezi minne. Alikuwa na maneno matatu: maji, bibi, na hapa, akipiga paja langu kwamba anataka kukaa. Homa ilimshika siku tatu. Siku ya kwanza nikampa dawa ya nyumbani. Siku ya pili mama yangu akaniambia, "Riziki, mtoto yuno mpeleke hospitali." Nikasema ngoja mpaka kesho, itashuka. Siku ya tatu tukampeleka. Asubuhi wakamwandika kwenye daftari la wagonjwa, mchana wakamwandika kwenye daftari jengine.

Hilo daftari la pili limekaa kichwani mwangu umri wako wote. Jina lake limo mle. Yaani jina lako limo mle.

Wewe ulikuwa tumboni, miezi mitano. Nililia nimekushika.

Ulipozaliwa, siku ya saba bibi yako akauliza nimekupa jina gani. Nikasema Zuwena. Akasema, "Riziki, kwa nini wamvika mtoto nguo ya marehemu?" Nikasema jina si nguo. Akasema, "Haya. Wewe mwite hivyo. Mie kwangu yuno ni mgeni." Ndiyo maana mpaka leo anakuita Mgeni, na Kiuyu nzima wamemfuata. Wewe ulidhani ni utani wa bibi na mjukuu wake. Alikuwa anakupa jina lako mwenyewe, kwa njia niliyomwachia.

Ulipofika miezi mitatu nilikwenda kukuandikisha. Wewe ulikuwa umelala mgongoni ndani ya khanga, hata kichwa hakionekani. Dirishani alikuwepo karani mmoja mtu mzima, mpole, ana miwani iliyofungwa uzi. Akaniuliza jina la mtoto, nikasema Zuwena. Baba? Hamad. Babu? Kombo. Akaingia ndani, nikamsikia anavuta droo, akarudi anacheka. "Mama, mtoto huyu ameshaandikwa zamani. Hati yake iko tayari, ni nyinyi tu hamkuja kuichukua." Akaiweka mbele yangu.

Mwanangu, pale palikuwa na maneno machache tu ya kusema: yule alikufa, huyu ni mwengine. Karani hakukosea, alisoma kilichoandikwa. Ni mimi niliyekuwa najua. Lakini kusema alikufa mbele ya mtu nisiyemjua, watu wamepanga foleni nyuma yangu, ulimi haukunyanyuka. Na ile hati yenyewe. Ilikuwa safi, haina mkunjo, na jina la mwanangu limeandikwa kwa wino mweusi kama la mtu aliye hai. Akauliza, "Unaichukua?" Nikasema ndiyo. Nikatoka nje nikaketi kwenye ngazi, hati kifuani, wewe mgongoni, nikajihisi nimewarudisha nyumbani nyote wawili.

Neno lenyewe ndilo hilo, ndiyo. Nililisema mara moja nikaliishi miaka kumi na tisa.

Lingeishia pale labda leo ningekuhadithia tukacheka. Lakini ulipofika miaka mitano, hati ikasema saba.

Baba yako alikuwa ameshaniacha, amehamia Makoongwe kwa ndugu zake. Mimi nilikuwa nimepata kazi ya kufagia, nayo inaanza asubuhi na mapema, na wewe huna wa kukaa naye. Sitakudanganya katika barua hii: nilitaka mahali pa kukuweka. Nikaichukua hati nikakupeleka skuli. Bibi yako akasema, "Mtoto hajaota akili, wampeleka wapi?" Nikakushika mkono tukaondoka. Mwalimu mkuu akakutazama wewe, akaitazama hati, akakutazama tena. "Huyu ana miaka saba?" Nikamwambia, "Si hiyo, soma mwenyewe." Uongo nilikuwa naogopa kuusema kwa mdomo, nikaiachia karatasi iuseme.

Sijui kama unalikumbuka darasa la kwanza. Mimi nalikumbuka. Ulikuwa unajikojolea darasani, ukirudi nakuchapa. Ulikuwa unageuza herufi, nakuchapa. Ulikuwa unalala juu ya daftari kabla ya magharibi, nakumwagia maji usoni, nakwambia wenzako wa miaka saba wanasoma juzuu, wewe una nini? Na wewe ulikuwa na mitano. Ulikuwa unafanya yale yote anayoyafanya mtoto wa miaka mitano, ukipigwa kwa ajili ya miaka miwili ambayo hukuiishi. Aliyeiishi ni mwenzako, na yeye hakuimaliza.

Siku moja uliniuliza, "Mama, mimi mjinga?" Nilikuwa nachambua mchele. Sikunyanyua hata uso. Nikasema, "Si mjinga, mvivu."

Nimekutukana maneno mengi nilipokuwa nimechoka, na mengine nimeyasahau. Hilo sikulisahau. Umekua ukijiona mzito. Mpaka leo ukipata alama nzuri unasema ni bahati, au mtihani ulikuwa rahisi. Ulipochaguliwa kwenda Dar ulisema labda wamekosea jina. Nilipokusikia unasema hivyo nilikwenda uani nikajifanya naanua nguo. Haikuwa bahati. Wenzako walikuwa wamekutangulia miaka miwili ya kukua mwili na akili, uliwafikia, ukawapita, na wewe hujui kwamba ulikuwa unakimbia. Kama ningekwambia ulipokuwa na miaka kumi tu, ungelikuwa msichana mwengine leo. Hilo siwezi kulirudisha, nalo ndilo linaloniuma kuliko hati.

Mdogo wako Asya, niliyempata kwa mume wa pili, nilimwandikisha ana siku tisa. Baba yake alinicheka, akasema, "Mtoto hajakauka kitovu, haraka ya nini?" Nikasimama pale dirishani mpaka nikapewa karatasi mkononi, nikaisoma mara tatu.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa sheha. Nikamwambia nataka kumwandikisha mtoto. Akauliza yupi, nikamtaja. Akanitazama kama mtu anayengoja mzaha uishe. "Bi Riziki, mtoto yule ana miaka ishirini huko, leo ndio wamzaa?"

"Leo ndio namzaa, Sheha."

Nikamweleza yote. Aliacha kucheka. Akavua kofia akaiweka magotini, akaniuliza swali moja tu, kama wewe unajua. Nikasema hujui. Akasema basi karatasi ni kazi ndogo, kazi kubwa iko nyumbani kwangu. Akanifahamisha njia yake. Kwanza dada yako aandikwe kwamba alifariki, kwa sababu huko kwenye daftari la kuzaliwa bado yuko hai, na kwa hati ile ile. Kisha wewe uandikwe kama mtu mwengine aliyechelewa kuandikishwa, na kadi yako ya kliniki ninayo, nilikuwa nimeificha ndani ya mkoba wa harusi yangu. Mimi na baba yako tutakwenda kula kiapo.

Nikampigia simu baba yako Makoongwe. Akasema, "Nilidhani ulishalitengeneza." Nikamwambia, "Na mimi nilidhani utakuja siku moja uniulize." Miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake, na wewe uko katikati unakwenda na hati. Atakuja. Amesema atakuja, na safari hii namwamini, maana alilia.

Mtu wa tatu niliyemwambia ni Bi Nasra. Nilimwomba namba yake Khamis, nikamwambia ni habari ya maandazi. Bi Nasra alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Bi Riziki, sasa nimejua, na siwezi kujifanya sijui. Akija mwenyewe akaniambia siku ya kwanza, nitakwenda naye ofisi ya wanafunzi, nitakaa naye. Watakaloamua ni lao."

Nikamuuliza, "Wanaweza kumrudisha?"

"Wanaweza. Nafasi imetolewa kwa jina lile na umri ule."

"Na asiposema?"

"Asiposema ataingia. Lakini utakuwa umeniomba mimi ninyamaze, na yeye anyamaze, na wewe uendelee kunyamaza."

Sikumwomba.

Kwa hiyo ndani ya bahasha hii pana barua ya sheha yenye mhuri. Siku ya kwanza, kabla hujaweka sahihi kwenye fomu yoyote, mpe Bi Nasra mkononi. Usimpe siku ya pili. Mimi najua siku ya pili inavyokuwa, inakuwa mwaka.

Najua utaniuliza, mama, kwa nini sasa? Umengoja miaka kumi na tisa, ungeshindwa kungoja mmoja tu, nikamaliza masomo yangu? Nimejiuliza hivyo kila nilipokuwa nafagia. Naijua hesabu yake. Naijua nafasi hii ulivyoililia. Nimekuona unahesabu siku kwenye kalenda ya jikoni, na mimi mwenyewe niliyekupigia vigelegele ndiye ninayeitia shimo njia yako usiku wa kuamkia safari. Ukirudishwa utakuwa umerudishwa na mimi, si na ofisi yoyote. Unikasirikie mimi. Nitakuwepo hapa, sitakwenda mahali.

Lakini fikiri kazi unayokwenda kujifunza. Ukiimaliza, wewe ndiye utakayekaa mbele ya kompyuta siku daftari la kuzaliwa litakapokutana na daftari la hospitali. Kanuni yako itapita jina kwa jina, itafika kwa Zuwena Hamad Kombo, itaona kila kitu kimelingana, na itamfunga. Itafanya kazi yake vizuri. Na wewe utakuwa umekaa peke yako kwenye chumba cha baridi, unalisoma jina lako upande wa waliokufa, na hapo hapo utajua kwamba mama yako alijua. Nimeiona picha hiyo kila nikifumba macho. Nisiposema mimi, mashine itakwambia, nayo haitakwambia kwamba alikuwa na maneno matatu.

Kanuni yako ilikuwa nzuri. Usije ukaiona haya. Ulifikiri kila mtu ana karatasi yake, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Hukuwajua akina mama kama mimi, waliosema ndiyo dirishani kwa sababu wameshindwa kusema jengine. Tuko wengi, nadhani. Nimebeba mafaili mengi, nimeona majina yaliyorudiwa katika nyumba moja, na sikuuliza, kwa sababu na mimi nilikuwa na langu. Utakapokuwa unawafundisha vijana wako, wakikuletea kanuni kama ile, usiwacheke na usiwape makofi haraka. Waulize kama walikwenda kumuuliza anayebeba. Mimi nilikuwa palepale na birika, na hata mimi hamkuniuliza, na hata mngeniuliza siku ile nisingesema. Sijui mtaweka nini kwenye mfumo kwa ajili ya mtu kama huyo. Hilo ni lako, mimi elimu yangu imeishia pale.

Nilikuwa nataka kukwambia uso kwa uso. Nimejizoeza. Lakini utarudi kutoka Kiuyu umechoka, umelia na bibi yako, na Asya atakurukia shingoni, na mimi nitasema chumvi imekwisha. Nitaiweka barua juu ya nguo zako, usiikose. Juu ya bahasha nitaandika uisome ndani ya boti ukishakaa, si hapa, ili usinione nikikutazama unasoma. Ukitaka kupiga simu, piga. Ukitaka kukaa siku mbili tatu bila kupiga, nitafahamu, ila nitumie neno moja kwamba umefika.

Nimekupenda wewe. Nasema hivyo kwa sababu utafika mahali utajiuliza kama nilikuwa nakupenda wewe au nampenda yeye kupitia kwako. Mwanzo, labda mwaka mzima na kitu, sikujua kuwatenganisha. Siku nilipowatenganisha naijua. Ulikuwa umeanza kusema, nikapiga paja langu nikakwambia, "Hapa." Ukanitazama, ukageuka, ukaenda zako mlangoni kutazama kuku. Nikasema moyoni, huyu ni mwengine. Nikacheka peke yangu, nikalia, nikakufuata tukatazama kuku wote wawili. Kutoka siku hiyo nilikuwa na watoto wawili, mmoja Kiuyu na mmoja mlangoni, na nikaendelea kuwaweka kwenye karatasi moja kwa sababu nilikuwa naogopa dirisha.

Sasa vitu ninavyohitaji unitumie. Watakayokuamulia huko yoyote, hivi navihitaji. Vitie pamoja, wape watu wa boti, uandike jina langu na simu yangu, nitavifuata Mkoani mwenyewe.

Ile hati yenyewe, si nakala kivuli. Wakishamaliza kuitazama huko, itie kwenye bahasha ngumu, na uandike juu kwamba isikunjwe. Ni ya dada yako. Hana karatasi nyingine duniani, na lazima niende nayo ndipo wamwandike.

Kivuli cha kitambulisho chako, mbele na nyuma.

Picha mbili ndogo za sasa. Usitume zile za diploma, ulikuwa umekonda.

Barua ya mkono wako, mistari miwili inatosha, kwamba wewe ni mtu mzima na umekubali umri wako uandikwe kama ulivyo. Weka sahihi chini yake. Siku yako ya kuzaliwa ya kweli nimeinakili kutoka kwenye kadi ya kliniki, iko nyuma ya barua ya sheha.

Na jina. Kwenye fomu pana mstari wa jina la mtoto, sheha alitaka tuujaze pale pale, nikamwambia tuuache. Niliujaza mara moja bila kukuuliza, sina haki ya mara ya pili. Ukitaka kubaki Zuwena, andika Zuwena, tutaeleza. Ukitaka Mgeni, andika Mgeni. Ukitaka jengine ambalo sijawahi kulisikia, andika hilo, nami nitajifunza kukuita. Liandike kwa herufi kubwa, kwenye karatasi yake peke yake, lisomeke.